Nani Atapima Muhogo wa Kitahana?

Katika mabonde ya Kitahana, wilayani Kibondo, muhogo mchungu hauliwi siku ile ung'olewapo. Humenywa, hutiwa majini katika kidimbwi au pipa, ukaachwa humo siku tatu au nne mpaka ulainike. Ndipo hutolewa, huvunjwa vipande, huanikwa juani na hatimaye hupelekwa mashineni kusagwa. Mama afanyaye kazi hiyo hana saa wala kipimajoto. Hubonyeza kwa kidole. Muhogo ukibonyea na nyuzi zake zikaachana, umekwisha kuiva majini. Ukiwa bado mgumu moyoni, hurudishwa. Kasulu nako hufanywa hivyo hivyo, na watoto wa nyanda zote hizo za juu za Kigoma wamekulia ugali utokanao na kazi hiyo.

Wasomi wengi huliita jambo hili mazoea ya wazee, wakaishia hapo. Ni kosa. Kidole kile ni kipimo, tena kipimo chenye msingi wa kemia ambao mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuufuata bila shida. Swali ambalo taasisi za sayansi nchini zinapaswa kujiuliza ni hili: kidole kikishindwa, ni kipi kitakachokisaidia? Maana siku hizi, katika vyuo vya Afrika na vya ng'ambo, umekuwapo utafiti mwingi juu ya vyombo vidogo vya umeme-kemia vinavyoweza kutambua sumu na maradhi katika tone moja la maji au damu. Vyombo hivyo huitwa bayosensa. Husifiwa sana. Lakini umbali kutoka meza ya maabara hadi kidimbwi cha Kitahana ni mrefu, na hakuna budi usemwe wazi.

Kwanza sumu yenyewe. Ndani ya muhogo mna kitu kiitwacho linamarini, ambacho ni sukari iliyofungwa pamoja na sianidi. Katika seli hiyo hiyo ya mmea, lakini mahali pengine, kimehifadhiwa kimeng'enya kiitwacho linamarase. Maadamu seli ni nzima, viwili hivi havikutani. Panya akiuma, jembe likikata, au maji na vijidudu vikiilainisha kuta ya seli, hukutana. Linamarini huvunjika, na mwishowe hutoka haidrojeni sianidi, ambayo huchemka katika nyuzi 26 za sentigredi na kwa hiyo huruka hewani kwa urahisi. Hii ndiyo siri ya kidole cha mama. Muhogo uliolainika ni muhogo ambao kuta za seli zake zimebomoka, na kuta zikibomoka sumu imepata njia ya kutoka. Anapobonyeza, anapima kubomoka huko.

Mabaki machache ya sianidi mwili huyaweza. Huyageuza kuwa thiosianati na kuyatoa katika mkojo, ila kazi hiyo yahitaji salfa, na salfa hiyo hutoka katika asidi amino za protini. Mtu alaye ugali wa muhogo kwa maharage au dagaa ana akiba. Alaye ugali huo kwa mboga ya majani tu, mchana na jioni, mwezi baada ya mwezi, hana.

Yanayompata mtu wa namna hii yamekwisha kuandikwa. Mnamo mwaka 1938 daktari aitwaye Trolli alieleza ugonjwa uliokuwa ukiwapata watu wa Kwango, katika Kongo ya wakati ule. Wenyeji waliuita konzo, neno la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa. Mtoto hulala mzima, akaamka miguu yote miwili imekakamaa; hafi, hapati homa, akili yake haipungui, lakini hatatembea tena kama alivyotembea jana. Wapatao zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Hakuna dawa ya kuirudisha miguu ile. Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 walipatwa katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji. Mwaka 1985 zamu ilikuwa ya Tanzania: katika wilaya ya Tarime, mkoani Mara, ukame uliwafanya watu wategemee muhogo mchungu na kuufanyia haraka. Madaktari na wataalamu wa lishe, miongoni mwao Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, waliwachunguza wagonjwa hao, na taarifa yao ya mwaka 1990 ni moja ya zile zinazosomwa hata leo na kila ashughulikiaye konzo duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa uliibuka tena, safari hii mkoani Mtwara.

Ukame na vita ndivyo vitajwavyo zaidi kuwa visababishi. Lakini kuna kisa kimoja kisichohusu ukame wala vita, nacho ndicho wakazi wa Kibondo na Kasulu wangestahili kukisikia kuliko vingine. Katika eneo la Bandundu nchini Kongo, barabara iendayo Kinshasa ilitengenezwa ikawa nzuri. Malori ya wafanyabiashara yakaanza kufika. Muhogo ukawa fedha. Wanawake waliokuwa wakivundika siku tatu wakaanza kuvundika siku moja, kwa sababu mnunuzi hangoji. Watafiti Banea, Rosling na wenzao walichapisha uchunguzi wao mwaka 1992: konzo ilifuata njia za mkato katika uvundikaji, na njia hizo za mkato zilifuata barabara.

Sasa itazamwe Kigoma. Barabara ya lami ya Manyovu, Kasulu, Kibondo hadi Kabingo imekuwa ikijengwa katika miaka hii ya karibuni, na hakuna mwananchi wa huko atakayeilalamikia, kwa maana mateso ya vumbi na matope ya njia ile yanajulikana. Muhogo wa nyanda hizo huuzwa mbali. Hakuna anayesema kuwa lami italeta konzo Kibondo. Watu wa Kigoma wana maharage, wana dagaa wa Tanganyika, wana mahindi. Lakini mnunuzi wa mjini atakayekula unga ule hajui kama ulivundikwa siku nne au moja. Kidole cha mama kilimlinda mtoto wake mwenyewe kwa sababu yeye ndiye aliyebonyeza na ndiye aliyepika. Biashara huvitenganisha viwili hivyo. Unga ukishakuwa katika gunia haubonyezeki, rangi yake nyeupe haisemi kitu, na harufu yake hudanganya. Hapo ndipo kipimo cha namna nyingine kinapohitajika, na hapo ndipo mtaalamu wa elektrodi anapoweza kuitwa.

Si kwamba hakuna kipimo kabisa. Howard Bradbury na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia walitengeneza, katika miaka ya 1990, kifurushi kidogo cha karatasi za pikrati. Unga kidogo huwekwa katika kichupa pamoja na kimeng'enya na maji, karatasi ya manjano huning'inizwa juu yake, kichupa hufungwa. Kesho yake karatasi huwa imegeuka rangi kuelekea wekundu na kahawia, kadiri sianidi ilivyo nyingi, nayo hulinganishwa na rangi zilizochapishwa katika kadi. Ni kipimo cha busara, chenye bei nafuu, na kimetumika Tanzania, Msumbiji na Kongo. Upungufu wake ni usiku ule mmoja. Mnunuzi hangoji siku tatu muhogo uvunde. Je, atangoja mpaka kesho karatasi igeuke? (Mwalimu wa kemia asijaribu kuitengeneza karatasi hiyo shuleni. Asidi pikriki ikikauka hulipuka.)

Bayosensa ni nini basi? Ni chombo chenye sehemu mbili zilizofungwa pamoja: kitu kilicho hai au kitokanacho na uhai, mathalani kimeng'enya, kinachoitambua kemikali moja miongoni mwa nyingi, na elektrodi inayougeuza utambuzi huo kuwa mkondo wa umeme. Mwaka 1962 Leland Clark na Champ Lyons, huko Cincinnati nchini Marekani, walieleza jinsi ya kukiweka kimeng'enya kivunjacho glukosi juu ya elektrodi na kupima sukari ya damu. Mwaka 1984 watafiti wa Cranfield na Oxford nchini Uingereza walionyesha kuwa kitu kiitwacho ferosini chaweza kuzipokea elektroni kutoka katika kimeng'enya na kuzikabidhi kwa elektrodi, kama mtu wa kati sokoni. Mwaka 1987 kifaa chenye umbo la kalamu, kilichojengwa juu ya wazo hilo, kilianza kuuzwa. Kipimo cha sukari ambacho leo mgonjwa wa kisukari hukitumia nyumbani kwake ni mtoto wa ukoo huo.

Mwanafunzi asidhani kuna uchawi. Achukue mikrolita 1 ya damu yenye glukosi milimoli 5 kwa lita. Ndani ya tone hilo mna moli 5 × 10⁻⁹ za glukosi. Kila molekuli hutoa elektroni 2. Akizidisha kwa 96,485, yaani kulombu za moli moja ya elektroni, atapata kulombu 0.00096 hivi. Umeme huo wote ukikusanywa kwa sekunde 5, mkondo wa wastani ni miliampea 0.19. Kwa ampea ya shuleni mkondo huo waonekana ni mdogo, lakini kwa kifaa cha elektroniki cha bei nafuu ni mkubwa kabisa. Sheria aliyoitunga Faraday katika miaka ya 1830, ambayo wanafunzi huikariri kwa ajili ya mtihani na kuisahau wiki ifuatayo, ndiyo itoayo namba isomwayo katika kioo cha kipimo cha sukari.

Kuhusu maada za nano, maneno ni mengi kuliko maarifa. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Maada ikisagwa au kujengwa katika ukubwa wa makumi ya nanomita hupata uso mpana mno kwa uzito mdogo, na mara nyingine hubadilisha hata rangi. Faraday huyo huyo mwaka 1857 alieleza jinsi dhahabu iliyogawanyika katika chembe ndogo sana ndani ya maji inavyoonekana nyekundu kama rubi. Wapo wasemao kuwa mambo hayo ni ya nchi tajiri na kwamba Tanzania, yenye shule zisizo na maabara, haina sababu ya kuyagusa. Hawa wangefanya vyema kuingia katika zahanati yoyote ya Kibondo. Mtoto mwenye homa hutobolewa kidole, tone la damu huwekwa katika kijisanduku cha plastiki, na baada ya dakika kumi na tano au ishirini mstari mwekundu hujitokeza. Wekundu ule, katika vipimo vilivyo vingi, si wino wala damu: ni chembe za dhahabu za nanomita kadhaa, zilizobandikwa kingamwili zinazoshika protini ya kijidudu cha malaria. Teknolojia ya nano iliingia Kitahana zamani, katika kasha la kadibodi, bila hotuba wala uzinduzi. Nchi ichimbayo dhahabu Geita huiuza kwa tani, kisha huinunua dhahabu kwa mikrogramu ndani ya plastiki iliyotoka Korea au India. Hilo si la kulaumiana, ila ni la kufikiriwa.

Tena kuna hatari katika kununua tu bila kuelewa. Vipimo vingi vya malaria hutafuta protini iitwayo HRP2. Mnamo mwaka 2016 huko Eritrea iligundulika kuwa wagonjwa ambao darubini ilionyesha wana malaria walikuwa wakipimwa kwa kijisanduku na kuonekana hawana. Kijidudu kilikuwa kimeipoteza jini itengenezayo protini hiyo, na kipimo kilikuwa kikitafuta kitu kisichokuwapo. Eritrea ililazimika kubadili vipimo vyake. Tanzania ilijichunguza, na uchunguzi wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na washirika wake ukaonyesha kuwa upungufu huo nchini ni nadra. Lakini uchunguzi wenyewe ulihitaji watu wajuao kilichomo ndani ya kijisanduku. Taifa lisilo na watu hao hungoja kuambiwa na wengine lini kipimo chake kimeacha kusema kweli.

Kwa hiyo utafiti wa bayosensa unafaa kufanywa hapa. Ugomvi ni juu ya namna unavyofanywa, na hapo yafaa watafiti wenyewe waguswe kidogo. Katika majarida ya fani hii umeota ushindani wa kupunguza kiwango cha chini kiwezacho kutambuliwa. Mmoja huchapisha elektrodi iliyopakwa chembe za dhahabu na mirija ya kaboni, itambuayo nanomoli kadhaa kwa lita. Mwaka ufuatao mwingine huongeza grafini na kushuka zaidi. Kila mara kipimo hufanywa katika maji safi yaliyotengenezwa kwa mizani, na mwishoni huongezwa aya moja isemayo kuwa chombo hiki kinafaa kwa nchi zinazoendelea.

Hesabu ifanywe kwa muhogo. Kiwango kilichokubaliwa na chombo cha pamoja cha Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 10 za sianidi kwa kila kilo ya unga. Gramu 1 ya unga wa kiwango hicho ina mikrogramu 10. Ikikorogwa katika mililita 10 za maji, hupatikana miligramu 1 kwa lita, yaani takriban mikromoli 37 kwa lita. Elektrodi ya kutambua nanomoli moja ni kali mara elfu thelathini na zaidi kuliko inavyohitajika. Ni kama kumpa mwenye duka la Kibondo mizani ya sonara apimie viazi. Ukali si shida ya muhogo.

Shida zake ni nyingine, na hazipendezi kuandikwa katika jarida. Shina moja la muhogo laweza kuwa na mizizi yenye sumu isiyolingana. Gunia moja laweza kuchanganya unga wa nyumba tano. Atakayepima gramu moja tu aseme ni ya gunia zima amejidanganya, hata chombo chake kiwe kizuri namna gani. Sianidi nyingi ya unga haiko huru bali imefungwa katika linamarini, kwa hiyo elektrodi isiyoanza kwa kuifungua itatoa namba ndogo ya kufurahisha na ya uongo. Vitu vyenye salfa, ambavyo huweza kutokea mahali palipooza, huichanganya elektrodi ya sianidi. Kimeng'enya kilichokaushwa juu ya ukanda kilisafirishwa kutoka ng'ambo hadi Dar es Salaam, kikakaa bandarini kwenye joto, kikapanda lori hadi Kigoma. Kilichokuwa hai huenda kimekufa njiani. Na kipimo kikiharibika, nani mwenye bisibisi?

Hata hivyo ukitazamwa vizuri, muhogo wenyewe unatoa sehemu ya jibu. Kimeng'enya cha linamarase hakina haja ya kuagizwa: kimejaa katika utomvu wa majani na maganda yake. Sianidi ikishafunguliwa na kutiwa katika maji yenye alkali, huyeyusha fedha kutoka katika uso wa elektrodi ya fedha. Kila ayoni mbili za sianidi hushika atomu moja ya fedha, na elektroni moja hupita katika waya. Mkondo huongezeka sianidi inapoongezeka. Ni kemia ile ile ambayo kwayo migodi huyeyusha dhahabu kutoka katika mawe, ila kwa kiasi kidogo sana. Kifaa cha kusoma mkondo huo, kiitwacho potenshiostati, hapo zamani kilikuwa mali ya maabara tajiri. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walichapisha hadharani michoro ya kifaa cha namna hiyo kiwezacho kujengwa na mtu yeyote kwa gharama isiyofika dola 80. Fundi wa simu wa Kasulu, ambaye kila siku huunganisha nyaya nyembamba kuliko hizo, hashindwi kukitengeneza kikiharibika. Maada za nano zaweza kuingia hapo kwa kazi halali, ambayo ni kupunguza fedha itumikayo, kuuongeza uso wa elektrodi na kuifanya idumu. Mtafiti atakayeonyesha kuwa elektrodi yake imekaa miezi sita katika ghala la Kibondo na ingali inatoa jibu lile lile amefanya kazi kubwa kuliko yule aliyeshuka hadi pikomoli.

Kuna pingamizi moja lenye nguvu, nalo halifai kupitwa kimya. Bradbury na wenzake walionyesha vilevile kuwa unga wa muhogo ukiloweshwa kwa maji, ukatandazwa kwa unene usiozidi sentimita moja na kuachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, sehemu kubwa ya sianidi iliyobaki hutoka yenyewe, kwa kuwa kimeng'enya kilichomo huamka tena. Banea na wenzake waliwafundisha wanawake wa vijiji vya Popokabaka nchini Kongo njia hiyo kuanzia mwaka 2010, na konzo mpya ikakoma katika vijiji vilivyoifuata. Haihitaji umeme, haihitaji dola, haihitaji daktari wa falsafa. Basi kwa nini kupima? Si heri kulowesha tu?

Heri, bila shaka. Popote penye hatari, unga uloweshwe leo na wala usingojee utafiti wa mtu. Ila serikali haiwezi kuuambia kila mji wa nchi uloweshe kila unga kila siku milele. Watu hawatatii, na hawatakuwa na kosa. Kupima ndiko kunakoonyesha ni wilaya ipi, msimu upi, soko lipi. Hata kule Popokabaka walijua wamefaulu kwa sababu walipima thiosianati katika mkojo wa watoto, kabla na baada. Na mkulima aliyevundika siku nne anastahili kulipwa zaidi ya aliyevundika siku moja, jambo lisilowezekana bila namba ambayo mnunuzi na muuzaji wote wawili wanaiamini. Haki hii ya mkulima mwaminifu haitajwi katika makala za bayosensa, na pengine ndiyo ingekifanya kipimo kipendwe.

Shule za sekondari zina nafasi hapa kuliko zinavyodhani. Somo la umeme-kemia hufundishwa kwa seli ya zinki na shaba, taa huwaka, daftari hufungwa. Mwalimu wa Kibondo anaweza kwenda hatua moja mbele bila kununua kitu cha maana. Achukue bamba la zinki kutoka katika betri kuukuu, waya wa shaba, kikombe, na chumvi ya Uvinza. Atengeneze maji ya chumvi ya viwango vitano vinavyojulikana, asome mkondo wa kila kimoja kwa miliampea, awaambie wanafunzi wachore mstari. Mkondo utapanda chumvi inapozidi, ingawa si lazima kwa mstari ulionyooka, na ukaidi huo wenyewe ni somo. Kisha awape kikombe cha sita ambacho hawakijui kiwango chake, wakitafute kwa mstari wao. Darasa zima litapata majibu yasiyolingana. Waulizwe ni kwa nini: je, bamba lilisuguliwa, je, waya ulizama kina kile kile, je, maji yalikuwa ya joto moja? Kikundi kitakachojibu maswali hayo kwa uaminifu kimekwisha kuelewa bayosensa kuliko mtu aliyesoma sifa zake tu.

Na iwapo chuo kimoja nchini kitakubali kuipeleka elektrodi ya sianidi Kitahana, mahali pa kuianzishia si hospitali ya wilaya bali ni mashine ya kusaga, kwa sababu huko ndiko muhogo wote hupita na ndiko watu hungoja zamu wakiwa na nafasi ya kuuliza. Wanafunzi wa sekondari ya jirani washike daftari kwa msimu mmoja wa kiangazi na mmoja wa masika. Kila mzigo upimwe kabla haujasagwa, kwa kuchota sehemu kadhaa na kuzichanganya, na siku za kuvundika ziandikwe kama mwenye mzigo alivyozitaja. Safu ya kwanza ya daftari hilo iwe ya kidole: mama aulizwe aliuonaje muhogo alipoutoa majini, mlaini au mgumu, na neno lake liandikwe kabla kifaa hakijawashwa. Safu ya pili ndiyo iwe ya elektrodi.